Fundo Lisilo Mahali Pake

Mhadhara kuhusu jeni moja na saratani ya taya, uliotolewa Machakos



Nimekuja na kiondo. Mkikiona hakijaisha msidhani nimekichukua kimakosa. Nimekiazima kwa mama mmoja wa upande wa Masii, naye amenikabidhi kwa sharti kwamba kesho asubuhi kirudi, maana ana mteja anayekingoja. Naomba mkitazame kitako. Alianza na nyuzi chache za katani alizozisokota pajani, akazikutanisha katikati zikatawanyika kama miale. Duara linavyopanuka, nafasi baina ya nyuzi inakua, kwa hiyo anapachika uzi mpya hapa, mwingine pale. Anaongeza, anaongeza. Kisha kuna mahali, hapa ninapoweka kidole, ameacha kuongeza. Kuanzia hapo nyuzi ni zilezile, kazi inapanda juu na ukuta unasimama. Nilimwuliza, "Mama, unajuaje kwamba hapa ndipo pa kuacha?" Akanijibu kwamba mkono wenyewe unajua, na kwamba msichana anayejifunza hutambulika hapohapo: haachi kwa wakati, kazi yake inazidi kutandaa na kujikunja pembeni kama jani la kabeji, haiwi kiondo wala haiwi mkeka.

Mwili wa mtoto nao unasukwa hivyo. Seli moja huwa mbili, mbili huwa nne, na kila kiungo kina mahali pake pa kuacha. Leo nataka kuwaeleza habari za jeni moja ambayo kazi yake, kwa lugha ya kiondo, ni kutamka neno "ongeza". Wataalamu wanaiita MYC. Kila mmoja wetu humu ukumbini anayo, nakala moja ya baba na moja ya mama. Bila jeni hiyo hakuna mtoto ambaye angeumbika tumboni. Ndiyo hiyohiyo ambayo, ikihama mahali pake, inaweza kumvimbisha mtoto taya katika majuma machache mpaka meno yake yaelee kwenye ufizi.

Nimesema ikihama. Wengi tukisikia jeni na saratani tunafikiria kitu kibovu kilichozaliwa nasi, doa la ukoo, jambo la kunong'onwa wakati wa kupeleka mahari. Kwa ugonjwa ninaouzungumzia leo, jeni haikuja na ubovu kutoka kwa mama wala kwa baba. Ilikuwa nzima, ikakatwa kutoka palipokuwa pake na kufungwa fundo pasipo pake, ndani ya seli moja tu ya mtoto mmoja, siku moja ambayo hakuna aliyeiona ikipita.

Kisa chenyewe kilianzia kwa jirani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mvulana wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt alikuwa mtu wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, aliyepoteza jicho moja utotoni, na hakuwa amewahi kuona uvimbe unaoshika pande nne kwa mpigo. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja. Akachungulia dirishani, akamwona msichana mdogo ameketi na mamake kwenye nyasi za hospitali, uso umevimba vilevile. Akatoka kwenda kumpima, na tumboni akakuta uvimbe mwingine. Mtoto wa kwanza angeweza kuwa kioja tu. Baada ya wa pili, Burkitt alianza kupekua mafaili.

Hadi wakati huo, aliyeona uvimbe wa taya aliuandika kuwa ugonjwa wa taya, na aliyeona uvimbe wa figo au wa ovari aliupa jina lingine. Makala yake ya mwaka 1958 ilianza kuzikusanya sura hizo chini ya ugonjwa mmoja wa watoto. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko yote katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakafunga safari ya wiki kumi na kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala kuelekea kusini mwa bara hadi Afrika Kusini. Hawakuwa na mtambo wowote wa maana. Walikuwa na picha. Waliingia hospitali baada ya hospitali, nyingi zikiwa za misheni, wakawaonyesha wahudumu picha hizo na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Jibu waliliweka kwenye ramani.

Ramani ikatoa mshipi unaokatiza Afrika. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi, na hapo wakafahamu kwamba mwinuko wenyewe haukuwa sababu. Sababu ilikuwa joto. Palipokuwa na baridi, ugonjwa haukuonekana, na palipokosa mvua ya kutosha vilevile. Mtu wa Ukambani akitajiwa joto na mvua atafikiria ndengu na mahindi. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, alifikiria mbu.

Sasa tujitazame tulipo. Mji wa Machakos uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Tumeketi kwenye ukingo wa ramani ya Burkitt. Teremka kuelekea Pwani, au vuka Bonde la Ufa hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, utakuwa umeingia ndani yake. Ndiyo maana wauguzi wengi wa Kisumu huujua ugonjwa huu kwa sura, ilhali muuguzi wa milimani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na siku ukimjia asiutambue. Watoto wetu nao hawakai kilimani siku zote. Baba anapata kazi Mombasa, familia inahamia huko miaka mitatu, kisha mama anarudi na watoto kwa susu, yaani nyanya yao.

Mtoto mmoja wa aina hiyo nilimpokea nikiwa daktari kijana. Alikuwa na miaka sita. Mamake alianza kwa kuniambia habari za meno. Jino la gego la chini lililegea, akampeleka kwenye zahanati fulani, likang'olewa. Baada ya siku kumi la pili likalegea, nalo likang'olewa. Taya likaanza kujaa, akapewa dawa ya jipu. Ikapita mwezi na nusu. Jirani akasema kuna neno lililotamkwa katika ukoo wa baba. Mama huyo alinieleza yote hayo akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeungama, wakati ambapo ndiye peke yake aliyekuwa ameona mapema kwamba jino la mtoto wa miaka sita halilegei na taya likavimba papo hapo bila sababu. Nitarudi kwake.

Huko London, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na kati ya waliomsikiliza kulikuwa na mtaalamu wa virusi aitwaye Anthony Epstein. Epstein akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kipande kimoja kikacheleweshwa na ukungu, ndege ikateremkia Manchester, na chupa ilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameoza. Uchafu huo ulikuwa seli hai zilizojitenga na nyama zikaelea. Kutokana nazo walifanikiwa kuotesha seli maabara, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wengi walidhani kesi imekwisha. Haikuisha, kwa sababu kirusi hicho cha Epstein na Barr kiko kila mahali. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi duniani wanacho, na huenda karibu sisi sote humu ndani tunacho, tangu utotoni, na hatuna habari.

Kipande kilichokosekana kilipita Nairobi, na nasikitika kwamba vijana wetu hawafundishwi hivyo. Peter Clifford, mpasuaji katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, alikuwa akipeleka vipande vya uvimbe wa wagonjwa wa Kenya kwa ndege hadi Stockholm, kwa George Klein na mkewe Eva katika taasisi ya Karolinska. Seli za kijana mmoja aliyekuwa mgonjwa wa Clifford ziliota vizuri maabara mnamo 1967, na hazijakoma. Mpaka leo zinaagizwa na kuoteshwa na watafiti duniani kote, na zimepewa jina la kiume la kawaida kabisa kwetu, jina ambalo bila shaka mtu fulani katika ukumbi huu analo.

Mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova, mtu na mkewe kutoka Bulgaria, walizipaka rangi kromosomu za seli za limfoma hiyo kwa ufundi uliokuwa mpya wakati huo, unaozifanya zionekane na mistari kama kitenge. Binadamu ana kromosomu 46, jozi 23. Waliona kwamba moja ya kromosomu za 14 ilikuwa ndefu kupita mwenzake, imebandikwa kipande mwishoni. Kipande cha nani? Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakajibu: kimetoka kwenye kromosomu ya 8. Kromosomu mbili zilikuwa zimekatika na kubadilishana ncha.

Mwaka 1982 maabara za Marekani, pamoja na ya Carlo Croce na ile ya Philip Leder, zikafika kwenye mkato wenyewe, mahali hasa uzi ulipokatika kwenye kromosomu ya 8. Pale pale palikuwa na jeni ya MYC, ambayo wataalamu walikuwa wameshaifahamu kwa njia nyingine ya kushangaza: ilikuwa imebebwa na kirusi kinachowapa kuku saratani, na herufi za jina lake zinatokana na jina la ugonjwa huo wa kuku. Jeni ya kuku na jeni ya mtoto wa Nyanza ni ndugu. Mungu hakuliandika neno "ongeza" mara mbili.

Na kwenye kromosomu ya 14 kulikuwa na nini? Hapo naomba mnipe kiondo changu tena. Tazameni hii mistari ya kahawia. Anapotaka kubadilisha rangi, msukaji hukata uzi mweupe na kufunga wa kahawia. Anakata kwa makusudi. Mwilini mwetu zipo seli zinazofanya hivyo kwenye jeni zake zenyewe, nazo ni zile zinazotengeneza kingamwili; maabara huziita seli B. Vijidudu vya magonjwa ni vya namna nyingi kupita jeni tulizo nazo, kwa hiyo seli B hupewa ruhusa ambayo sehemu nyingine za mwili kwa kawaida hazipewi: kukata vipande vya jeni ya kingamwili na kuviunga upya, ili rangi ya kingamwili ifae adui aliyeingia. Kimeng'enya maalumu ndicho kinachoanzisha ukataji huo. Jeni hiyo ya kingamwili iko kwenye kromosomu ya 14, na katika seli B haizimwi. Imewashwa usiku na mchana, maana ndiyo kazi ya seli hiyo.

Katika mkato kama huo, mara moja kati ya mara zisizohesabika, ncha hukosewa. Uzi wa 14 unafungwa na uzi wa 8 uliokuwa umekatika kando. MYC inajikuta imelala ubavuni mwa jeni isiyolala. Amri inayoamuru kingamwili zitengenezwe bila kukoma sasa inaamuru MYC itamkwe bila kukoma, na seli hiyo inasikia "ongeza" asubuhi, mchana, jioni. Kwa wagonjwa wanane hivi katika kila kumi kubadilishana kunakuwa kati ya 8 na 14. Kwa waliobaki ni kati ya 8 na 2 au 8 na 22, na huko nako ziko jeni nyingine za kingamwili. Kila mara MYC inaishia ubavuni mwa jirani yuleyule wa namna moja. Mimi nikiwa mwanafunzi, nilipoelewa jambo hilo, nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Uvimbe unaotokea ni miongoni mwa unaokua kwa kasi zaidi kwa binadamu. Idadi ya seli zake inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo sababu wiki sita za mama yule zilikuwa nyingi mno.

Mbu wa Haddow je? Mwanzoni ilidhaniwa huenda mbu ndiye anayebeba kirusi. Hapana, kirusi cha Epstein na Barr hupita kwa mate. Mbu anabeba malaria. Mtoto anayeumwa malaria tena na tena, mwaka nenda mwaka rudi, seli zake B hazipati mapumziko. Zinaitwa kazini, zinaongezeka, zinakata na kuunga, zinakata na kuunga. Kadiri mikato inavyokuwa mingi ndivyo uwezekano wa fundo moja kukosewa unavyopanda. Kirusi nacho kimejificha ndani ya seli hizohizo, na kazi yake ni kuzizuia zisife. Watafiti wa huku kwetu wamelinganisha watoto wachanga wa Kisumu, ambako malaria ni nyingi, na wa milima ya Nandi, ambako ni chache. Wale wa Kisumu walipata kirusi mapema zaidi katika uchanga wao, na miili yao ilishindwa zaidi kukidhibiti. Kwa hiyo ramani ya Burkitt, ambayo yeye alidhani anachora ramani ya saratani, ilikuwa kwa kiasi kikubwa ramani ya malaria.

Nasema haya katika mji ambao baadhi ya watu huona chandarua ni kitu cha watu wa ziwani. Mimi naamini kila mtoto anayekingwa na malaria anapunguziwa mikato hiyo, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019 naitazama kwa jicho hilo pia.

Mwanafunzi makini ataniuliza: una uhakika gani kwamba ni MYC, wala si kitu kingine kilichotokea siku hiyohiyo? Swali hilo liliulizwa, na jibu lilitoka Melbourne, Australia, mwaka 1985. Suzanne Cory, Jerry Adams na wenzao walichukua jeni ya MYC, wakaiunganisha kwa makusudi na kile kipande kinachoiwasha jeni ya kingamwili, wakaiingiza kwenye mayai ya panya. Panya waliozaliwa na fundo hilo karibu wote walipata limfoma, wengi wao katika miezi michache ya kwanza. Jeni moja, imefungwa pasipo pake, ikaleta saratani.

Lakini angalieni sana jambo hili, ambalo magazeti huliruka. Kila seli B ya panya hao ilikuwa na fundo, mamilioni kwa mamilioni, na bado uvimbe ulikawia, kisha ukaanza na seli moja au chache. Zilizobaki zilikuwa zinafanya nini? Zilikuwa zinakufa. Seli inayosikia "ongeza" kupita kiasi hutambua kuwa kuna kasoro na hujiua yenyewe. Hiyo ni hekima ambayo mwili ulipewa muda mrefu kabla ya sisi madaktari. MYC peke yake inaendesha seli kuelekea kwenye kugawanyika na, kwa wakati uleule, kuelekea kwenye kifo. Ili uvimbe usimame ni lazima seli moja ipate njia ya kukwepa kifo hicho: kirusi kiisaidie, au mlinzi wake mkuu, jeni iitwayo TP53, naye aharibike, kama inavyoonekana kwa wagonjwa wengi. Kwa hiyo nikisema jeni moja inaweza kuendesha saratani, nasema kweli. Nikisema jeni moja inatosha, nitakuwa nimewadanganya.

Kifo hicho kinaonekana kwa macho. Kipande cha limfoma ya Burkitt chini ya hadubini ni uwanja wa buluu nzito, seli zimebanana kama mawe ya ukuta, kisha huku na huku kuna madoa meupe. Wataalamu huuita anga lenye nyota. Kila nyota ni seli ya usafi, kubwa na yenye rangi hafifu, inayomeza mizoga ya zile zilizojiua.

Naona mama pale mbele amenyoosha mkono tangu mwanzo, na nadhani swali lake ni lile ninaloulizwa kila ninapokwenda: mtoto mmoja akipata, wadogo zake watapata? Kwa limfoma hii, fundo limo katika seli ya uvimbe tu. Halimo katika mbegu ya baba wala yai la mama, na mtoto aliyepona hatawarithisha wanawe fundo hilo. Iko saratani nyingine ya watoto ambayo ni tofauti, nayo ni ya jicho. Jeni yake, RB1, iko kwenye kromosomu ya 13 na hutamka neno kinyume, "acha". Hiyo ni lazima ipotee nakala zote mbili ndipo uvimbe uote, kama alivyokisia Alfred Knudson mwaka 1971 kwa kuhesabu tu umri wa watoto waliougua, miaka 15 kabla ya jeni yenyewe kupatikana. Baadhi ya watoto huzaliwa tayari nakala moja haifanyi kazi, na hao ndugu zao wanapaswa kuchunguzwa macho. Mboni ya mtoto ikimulika nyeupe kwenye picha ya simu, ile ambayo wengine huiita jicho la paka, msingoje wiki ijayo.

Narudi kwa mvulana wangu. Uvimbe huu una udhaifu unaotokana na nguvu zake. Dawa nyingi za saratani huua seli inayogawanyika, na hakuna inayogawanyika kama hii. Kampala ya wakati wa Burkitt haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo yeye na wenzake walilazimika kujaribu dawa, na uvimbe ukayeyuka mbele ya macho yao, kwa baadhi ya watoto moja kwa moja. Mwaka 1967 kituo maalumu cha limfoma kikafunguliwa Mulago, John Ziegler akiwa mkuu wake. Leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Saiklofosfamaidi, dawa iliyoleta matumaini hayo, bado ni nguzo ya matibabu. Ni dawa ya zamani na si ya anasa.

Tulimpa mvulana sindano yake ya kwanza siku ya Jumatatu. Alhamisi asubuhi nilimkuta mamake ameweka kiganja shavuni mwa mtoto, anakisogeza kidogo kidogo, akinitazama mimi kisha shavu, bila kusema. Lilikuwa limelainika. Baada ya wiki moja ungeweza kuona mfupa wa taya. Mtoto aliomba mandazi. Wodi nzima ilikuwa inakuja kumtazama.

Raundi ya tatu hakuja. Nauli ilikuwa imekwisha, na nyumbani watu walimwona amepona: amepona, mnampeleka tena wapi? Aliporudi zilikuwa zimepita wiki tisa. Taya lilikuwa zuri. Ila jicho moja lilikuwa halifumbi, mdomo umekwenda upande, na miguu haikutaka kumbeba, kwa sababu seli chache zilizosalia zilikuwa zimehamia kwenye maji ya uti wa mgongo na ubongo. Seli chache, zikiongezeka maradufu kila siku moja au mbili, kwa wiki tisa. Wanafunzi wa hesabu mlioko nyuma, fanyeni hesabu hiyo. Tulimpoteza kabla ya Krismasi.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya tisa kwa kumi wenye limfoma hii hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi kwa mbali, na jeni ni ileile, fundo ni lilelile. Tofauti iko kwenye wiki sita za kwanza na kwenye nauli ya raundi ya tatu. Nawaomba nyinyi wauguzi wa zahanati, mnaoona meno kabla yetu: jino la mtoto likilegea kabla ya wakati wake na taya linajaa, msimwandikie dawa ya jipu mara ya pili. Mpelekeni hospitali kubwa siku hiyohiyo, kipande kikatwe. Na mkikutana na mama anayesema mtoto amepona baada ya sindano mbili, ketini naye, mmhesabie raundi zilizobaki kwa vidole vyake mwenyewe.

Pale kando ya mlango nimeweka hadubini mbili. Ya kushoto ina tezi ya mtu mwenye afya. Ya kulia ina lile anga la buluu. Vijana watangulie, maana macho yao hayahitaji miwani. Msiguse skrubu kubwa ya pembeni. Zungusheni ile ndogo polepole mpaka nyota ya kwanza itokee, kisha mtazame kando yake, mtaona seli moja iliyo katikati ya kugawanyika, kromosomu zake zimejipanga mstari. Kwa macho hamwezi kutofautisha ya 8 na ya 14 hapo. Zimo.